Njia ya Chamani: Wana wa Pwani na Uenyekiti wa CCM

Kati ya wenyeviti sita ambao hadi sasa wameiongoza CCM kitaifa tangu chama hicho kilipoundwa tarehe 5 Februari 1977, kwa kuunganishwa TANU ya Tanganyika na Afro-Shirazi Party ya Zanzibar, wawili walizaliwa vijijini katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Pwani. Wa kwanza ni Ali Hassan Mwinyi, mzaliwa wa Kivure, kijiji cha Uzaramo ambacho kwa miaka mingi kilihesabiwa ndani ya wilaya ya Kisarawe kabla ya Mkuranga kukatwa kutoka wilaya hiyo katika miaka ya 1990. Wa pili ni Jakaya Mrisho Kikwete, mzaliwa wa Msoga, upande wa Bagamoyo, ambaye elimu yake ya sekondari aliipatia Kibaha. Jambo hilo linahitaji maelezo, kwa kuwa nchi hiyo ya mihogo, minazi na mikorosho haikuwa na zile nguvu zilizowainua wanasiasa wengi wa vijijini katika Tanganyika ya miaka ya 1950. Usukumani, Paul Bomani alipanda kwa migongo ya vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba. Kilimanjaro kulikuwa na ushirika wa kahawa ulioundwa tangu mwaka 1933. Uzaramo na Ukwere, nchi ya Msoga, hapakuwa na zao wala ushirika wa kumtoa kiongozi kijijini na kumfikisha taifani akiwa na watu wake nyuma.

Hata utawala wa jadi haukuwa ngazi ya kutegemewa. Wazaramo hawakuwa na mtemi mmoja wa nchi nzima. Walikuwa na viongozi wa koo na wa maeneo, baadhi yao wakibeba cheo cha pazi, na mamlaka yao yalikuwa yamekwisha kudhoofishwa na utawala wa pwani kabla ya Wajerumani kufika. Wajerumani waliweka maakida, yaani maofisa wa kati waliosimamia eneo kubwa kwa niaba ya serikali, na chini yao majumbe wa vijiji, ambao kazi yao ilikuwa kukusanya kodi na kutoa watu wa kazi za lazima. Jumbe aliyekataa kuwa chombo tu aliponzwa na cheo chake, kama ilivyompata Kibasila wa Kisangire, aliyejiunga na vita vya Maji Maji mwaka 1905 baada ya watu wake kulazimishwa kulima shamba la pamba lisilowapa faida, na ambaye Wajerumani walimnyonga. Jina lake limebaki katika shule ya sekondari mjini Dar es Salaam. Waingereza waliendelea na mfumo wa maliwali na majumbe kwa sura nyingine, lakini hawakuzaa huko watawala wenyeji wenye uzito wa kulinganishwa na machifu wa Uchaga au Uhaya.

Kilichokuwapo ni shule, nazo zilikuwa za wamishenari katika nchi ambayo watu wake wengi ni Waislamu. Walutheri walikuwa Maneromango. Waanglikana walikuwa na Minaki, karibu na Kisarawe. Wakatoliki walikuwa na Pugu, ambako Julius Nyerere alifundisha hadi mwaka 1955 alipoacha ualimu kwa sababu uongozi wa TANU, iliyoundwa tarehe 7 Julai 1954, haukuweza tena kuchanganywa na kazi ya darasani. Ni kinaya cha historia kwamba vilima hivyo vya Pugu na Kisarawe vilimhifadhi kiongozi wa chama kutoka Butiama, mbali kabisa na pwani, wakati vijana wengi wa vijiji vilivyovizunguka walikuwa hawaingii katika madarasa hayo, ama kwa sababu ya karo, ama kwa sababu wazazi waliogopa kwamba mtoto angerudi na dini nyingine.

Hofu ya namna hiyo ndiyo inayosaidia kuielewa safari ya Mwinyi. Alizaliwa tarehe 8 Mei 1925, na akiwa bado mtoto mdogo alipelekwa Unguja kusomea dini, akakulia Mangapwani, kaskazini mwa mji wa Zanzibar. Huko elimu ya Kurani na elimu ya serikali hazikupingana kama zilivyopingana bara, hivyo mtoto aliyepelekwa kuandaliwa uanachuoni aliingia shule ya Mangapwani, akaendelea na sekondari ya Dole, kisha akasomea ualimu. Alifundisha, akawa mwalimu mkuu, akaenda kusoma Uingereza katikati ya miaka ya 1950, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 akawa katibu mkuu katika wizara ya elimu ya Zanzibar. Kisiwa kilimfanya mwalimu, na ualimu ukamfanya mtumishi wa serikali. Siasa ya majukwaani ilimpita kando. Katika miaka ya 1950, Afro-Shirazi na Zanzibar Nationalist Party zilipokuwa zikigombana vikali mitaani na mashambani, jina lake halikuwa miongoni mwa majina yaliyotajwa mbele.

Kupanda kwake kulitokana na kuteuliwa. Mwaka 1970 aliingia katika serikali ya Muungano kama waziri wa nchi, akashika wizara ya afya, kisha mwaka 1975 wizara ya mambo ya ndani. Januari 1977 alijiuzulu kufuatia mateso na vifo vya watuhumiwa waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga, katika operesheni iliyohusu mauaji ya watu waliodhaniwa kuwa wachawi. Yeye mwenyewe hakushiriki vitendo hivyo. Alijiuzulu kwa msingi wa uwajibikaji wa kisiasa, yaani ile kanuni ya kwamba waziri hubeba kosa la idara yake hata kama hakulijua. Alipelekwa Misri akiwa balozi. Kwa mwanasiasa mwenye jimbo na wafuasi wake, ubalozi wa miaka mitano ungekuwa njia ya kumsahaulisha. Kwa mtu ambaye nguvu yake yote ilitokana na imani ya waliomteua, ulikuwa mapumziko ambayo hatimaye yalimwongezea heshima, kwa sababu kujiuzulu lilikuwa tendo la nadra nchini.

Faida hiyo ilionekana mwaka 1984. Aboud Jumbe, rais wa Zanzibar na makamu mwenyekiti wa chama, alilazimika kujiuzulu katika kikao cha Halmashauri Kuu ya Taifa kilichofanyika Dodoma mwezi Januari, na Mwinyi akachaguliwa kushika nafasi yake Zanzibar, kisha katika chama. Halmashauri Kuu ya Taifa ndicho kikao kikubwa cha maamuzi kati ya Mkutano Mkuu mmoja na mwingine, na juu ya shughuli zake za kila siku ipo Kamati Kuu, kikundi kidogo ambacho huchuja majina kabla hayajafika mbali. Mwaka 1985 vikao hivyo vilimteua Mwinyi kugombea urais wa Muungano, vikimwacha Salim Ahmed Salim. Wapiga kura walipewa karatasi yenye jina moja na nafasi ya kusema ndiyo au hapana.

Hata hivyo, urais haukumpa chama. Nyerere alibaki mwenyekiti wa CCM hadi Agosti 1990, na kwa miaka mitano Tanzania ilikuwa na rais ambaye, kwa mujibu wa kanuni ya ukuu wa chama iliyoingizwa katika katiba mwaka 1975, alikuwa chini ya vikao vinavyoongozwa na mtu mwingine. Msemo wa kofia mbili, yaani urais na uenyekiti katika kichwa kimoja, umezoeleka kiasi cha watu kudhani kwamba ni sheria ya asili, ilhali miaka hiyo mitano inaonyesha kwamba kofia hizo zimewahi kutenganishwa, na kwamba aliyekuwa na kofia ya chama ndiye aliyesikilizwa zaidi. Mwinyi alipoipata, hakuchelewa kuitumia. Februari 1991 Halmashauri Kuu, ikikutana Zanzibar, ililegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa na Azimio la Arusha la mwaka 1967, ikiruhusu mwanachama na kiongozi kuwa na hisa, kupangisha nyumba na kupata mishahara zaidi ya mmoja. Jina la Mzee Rukhsa, ambalo wananchi walimpa kwa sababu ya milango ya biashara aliyoifungua, lina utani ndani yake, lakini linabeba hukumu ya haki: mtu ambaye hakutokana na mapambano ya itikadi za TANU alikuwa mwepesi kuliko wengine kuzilegeza.

Njia ya Kikwete ilikuwa ya aina nyingine, ingawa nayo ilipitia kuondoka nyumbani. Alizaliwa tarehe 7 Oktoba 1950 katika ukoo wa Wakwere uliokuwa na historia ya uongozi wa jadi. Alisoma shule ya msingi Msoga, akaenda Lugoba, na mwaka 1966 akaingia sekondari ya Kibaha. Mahali hapo, takriban kilomita 40 kutoka Dar es Salaam kwenye barabara ya Morogoro, palikuwa pamegeuzwa katika muda mfupi kutoka pori na mashamba kuwa kituo kikubwa cha majaribio ya maendeleo. Mradi huo uliendeshwa na nchi za Skandinavia kwa makubaliano na serikali ya Tanganyika, ukiwa na sekondari, kituo cha afya kilichokuja kuwa hospitali ya Tumbi, na chuo cha kuwafundisha wakulima, mpaka mwaka 1970 ulipokabidhiwa kwa serikali na kuitwa Shirika la Elimu Kibaha. Tofauti yake na Pugu au Minaki ilikuwa kubwa kwa mtoto wa Kiislamu wa pwani: hapakuwa na kanisa nyuma ya darasa, na wanafunzi waliletwa kutoka kila pembe ya nchi. Kijana wa Msoga hakuhitaji kuvuka bahari kama alivyovuka Mwinyi. Taifa lenyewe lilimfuata barabarani.

Alipomaliza masomo ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1975, mhitimu wa fani hiyo angeweza kutafuta nafasi hazina, benki au katika mojawapo ya mashirika ya umma yaliyokuwa yakizaliwa kila mwaka. Kikwete alichagua kuajiriwa na TANU, akapelekwa Singida. Uamuzi huo hauwezi kueleweka bila kujua chama kilikuwa nini wakati ule. Chini kabisa palikuwa na shina, kundi la nyumba kumi lililoongozwa na balozi; juu yake tawi, kisha kata, wilaya na mkoa, na kila ngazi ilikuwa na mwenyekiti aliyechaguliwa na katibu aliyelipwa mshahara. Katibu wa wilaya aliitisha vikao na kuandika mihtasari yake, alisimamia kadi na ada, alisuluhisha ugomvi wa wanachama, alifuatilia utekelezaji wa maagizo ya serikali vijijini, na wakati wa uchaguzi alikuwa mmoja wa watu wachache waliojua kila mgombea anadaiwa nini na nani. Zaidi ya yote, alihamishwa. Makao makuu yalipenda mtendaji asizoee wilaya moja kiasi cha kuwa mtu wa watu wa huko.

Kikwete alihamishwa mno. Baada ya muungano wa vyama mwaka 1977 alitumwa Zanzibar kusaidia kujenga muundo wa CCM visiwani, kazi iliyohitaji uangalifu mkubwa kwa sababu Afro-Shirazi ilikuwa chama kilichotawala kwa amri ya mapinduzi na hakikuzoea mashina na mihtasari ya aina ya TANU. Alirudi makao makuu, akapelekwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kati ya mwaka 1986 na 1988 alifanya kazi ya chama Nachingwea na Masasi, kusini, ambako korosho ilikuwa imeporomoka na vijiji vilivyoundwa kwa haraka wakati wa operesheni za miaka ya 1970 vilikuwa vikitoweka taratibu, wakazi wakirudi kwenye mahame yao. Katikati ya safari hizo alikuwa pia mwanajeshi. Tangu maasi ya askari ya mwaka 1964 serikali ilikuwa imeamua kwamba jeshi jipya liwe na siasa ndani yake, hivyo kukawa na makamisaa wa siasa, yaani maofisa wenye kazi ya kufundisha msimamo wa chama kambini, na Kikwete alifanya kazi hiyo katika chuo cha kijeshi cha Monduli. Mwaka 1982 aliingia Halmashauri Kuu ya Taifa.

Kinachojitokeza katika orodha hiyo ya vituo ni kwamba Msoga, Bagamoyo na Kibaha hazimo. Kwa miaka kumi na mitatu mwanasiasa huyu wa vijijini alijifunza vijiji vya watu wengine: Wanyaturu, Wanyamwezi, Wamwera, Wamakonde. Jimbo la nyumbani lilikuja mwishoni. Mwaka 1988 rais Mwinyi alimteua kuwa mbunge na naibu waziri, na ndipo mwaka 1990 alipochaguliwa Bagamoyo, kisha mwaka 1995 Chalinze. Wapiga kura wa kwao walimthibitisha mtu ambaye tayari alikuwa amekwisha kufanywa. Hilo halina maana kwamba kura zao zilikuwa za bure. Uchaguzi wa chama kimoja ulikuwa na meno yake, na mwaka 1965 Bibi Titi Mohamed, jemadari wa TANU katika miaka ya kudai uhuru, aliangushwa na wapiga kura wa Rufiji, umbali mfupi tu kusini mwa Kisarawe. Lakini katika mfumo ule wananchi walikuwa na uwezo mkubwa wa kukataa kuliko wa kuzalisha.

Mwaka 1992 mambo yalibadilika. Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali iliripoti kwamba zaidi ya robo tatu ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, lakini ikapendekeza vyama vingi, na CCM chini ya Mwinyi ikakubali. Sheria mpya ilifunga matawi ya chama kazini na kambini, ikawataka askari wachague kati ya gwanda na kadi. Kikwete, aliyekuwa na cheo cha luteni kanali, alichagua kadi. Katika Mkutano Mkuu wa Taifa wa Julai 1995, ulioketi Chimwaga, Dodoma, wana wawili wa Pwani walikuwa ukumbini kwa nafasi tofauti: Mwinyi akiwa mwenyekiti anayemaliza urais, Kikwete akiwa mmoja wa wagombea watatu pamoja na Benjamin Mkapa na Cleopa Msuya. Kikwete, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amefanywa waziri wa fedha, aliongoza katika duru ya kwanza bila kufikisha nusu ya kura, na katika duru ya pili Mkapa, aliyekuwa chaguo la Nyerere, alimshinda kwa tofauti ndogo. Kijana huyo wa miaka 44 hakususa wala hakuhama chama, kama alivyofanya Augustine Mrema mapema mwaka huohuo. Alikubali, akapewa wizara ya mambo ya nje, akaishika miaka kumi mfululizo.

Miaka hiyo kumi ilitumika nyumbani pia. Wajumbe wa mikoani, wale waliopiga kura Chimwaga, walifuatwa na kutunzwa, na kundi lililomzunguka mgombea likapata jina la mtandao. Hapo ndipo uhamisho wa zamani ulipolipa. Mtu aliyekuwa amekaa Singida, Tabora, Nachingwea, Masasi na Zanzibar alikuwa na marafiki katika vikao vya mikoa mingi kuliko mpinzani wake yeyote aliyepitia wizarani peke yake. Mei 2005 Mkutano Mkuu ulimpa ushindi mkubwa dhidi ya Salim Ahmed Salim na Mark Mwandosya. Desemba mwaka huo alipata asilimia 80.28 ya kura za urais. Na Juni 2006 Mkapa alimkabidhi uenyekiti.

Kama mwenyekiti, Kikwete alirithi gharama za njia hiyohiyo. Fedha ilikuwa imeingia katika kura za maoni, yaani uchaguzi wa ndani wa kupata wagombea wa chama, na hata sheria ya uchaguzi iliwahi kuihalalisha sehemu yake kwa jina la takrima, mpaka Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006. Makundi yaliyomsaidia mwaka 2005 yaligeuka kuwa kambi za kumrithi. Baada ya kura zake za urais kushuka sana mwaka 2010, alizindua kile kilichoitwa kujivua gamba: Aprili 2011 sekretarieti na Kamati Kuu zilijiuzulu kupisha sura mpya, na Julai Rostam Aziz aliacha ubunge wa Igunga na vyeo vya chama. Zaidi ya hapo gamba lilinasa. Badiliko la maana zaidi, ingawa halikupigiwa ngoma, lilikuwa la mwaka 2012, wajumbe wa Halmashauri Kuu walipoanza kuchaguliwa kupitia kila wilaya, jambo lililowapa wanasiasa wa vijijini mlango wa moja kwa moja kuingia kikao kikuu na vilevile likahamishia ushindani wa fedha huko wilayani. John Magufuli, mwenyekiti aliyemfuata Kikwete, alilifuta mwaka 2017 kwa kupunguza idadi ya wajumbe.

Julai 2015 Kikwete aliongoza vikao vilivyoonyesha kwamba mchujo wa Kamati Kuu ulikuwa bado na nguvu kuliko umaarufu. Zaidi ya wanachama thelathini walikuwa wamechukua fomu za kuomba kugombea urais. Yakabaki majina matano, na la Edward Lowassa, rafiki yake wa tangu mtandao, halikuwamo. Baadhi ya wajumbe waliimba ukumbini kwamba wana imani na Lowassa, lakini utaratibu uliendelea na Magufuli akapatikana kuwa mgombea. Lowassa alihamia CHADEMA kabla ya mwezi kwisha. Tarehe 23 Julai 2016, mjini Dodoma, Kikwete aliachia uenyekiti mapema kuliko muda wake ulivyoruhusu, akifuata desturi ambayo Mwinyi aliianzisha mwaka 1996 alipompisha Mkapa.

Kibaha yenyewe imerudi katika habari za chama kwa sura nyingine. Kwa Mfipa, nje kidogo ya mji, ilifunguliwa Februari 2022 Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyojengwa kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China kwa ajili ya vyama sita vilivyoongoza ukombozi kusini mwa Afrika: CCM, ANC ya Afrika Kusini, FRELIMO ya Msumbiji, MPLA ya Angola, SWAPO ya Namibia na ZANU-PF ya Zimbabwe. Makada wanaletwa darasani kwa wiki kadhaa kujifunza mambo ambayo makatibu wa miaka ya 1970 walijifunza kwa kuhamishwa miaka kumi. Haielekei kwamba kozi inaweza kuchukua nafasi ya Nachingwea.

Kizazi kilichofuata, kwa upande wake, kimeanzia pale ambapo baba zao walimalizia au hawakufika kabisa. Hussein Ali Mwinyi, daktari wa binadamu aliyekulia nje ya Uzaramo, aliingia bungeni mwaka 2000 kwa tiketi ya Mkuranga, wilaya yenye kijiji alichozaliwa baba yake, akaiwakilisha hadi mwaka 2005, ndipo akahamia jimbo la Kwahani, Unguja, na mwaka 2020 akawa rais wa Zanzibar. Ridhiwani Kikwete alichaguliwa kuwa mbunge wa Chalinze katika uchaguzi mdogo wa Aprili 2014, wakati baba yake akiwa bado rais na mwenyekiti wa chama kilichompitisha.